Ombi la Kurudishiwa Mgao Wetu wa Maji

Kwa Ndugu Meneja,
Mamlaka ya Maji,
Hapa mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI KUTOKA KILA SIKU

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni mteja wenu wa siku nyingi, mkazi wa mtaa wa nyuma ya shule, nyumba yenye mapipa matatu mlangoni, na kwa taaluma ni mwalimu wa baiolojia. Nakuandikia kwa heshima zote, na kwa uchungu ambao nimejitahidi kuupanga kwa namba ili usinimwagikie ovyo.

Tangu mafundi wenu walipomaliza kulaza yale mabomba mapya, maji yanatoka kwetu asubuhi, mchana na jioni, Jumatatu mpaka Jumapili, bila taarifa. Mwanzoni tulidhani ni bahati mbaya. Tukasema fundi kasahau kufunga mahali fulani, atakumbuka, tukavumilia, maana mtaa wetu kwa uvumilivu hauna mpinzani. Hakukumbuka. Sasa tumeanza kuelewa kwamba jambo hili limefanywa makusudi.

Naomba nieleweke vizuri: sipingi maendeleo. Lakini miaka yote ya mgao, mlipokuwa mnatupa maji Jumatano na Jumamosi, na hiyo Jumamosi yenyewe kwa hisani, kila tangazo lenu lilimalizika kwa maneno "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Tulizoea kuombwa radhi. Watu wadogo kama sisi ni nani mwingine hutuomba radhi? Mlipokata mliomba, mlipofungulia hamkuomba hata mara moja, kana kwamba usumbufu ni wa upande mmoja tu.

Wanafunzi wangu nawafundisha kwamba kiumbe hai hakiishi hewani. Kinakaa mahali, na mahali pale panakifinyanga mpaka kinafanana napo. Ngamia ana jangwa lake, popo ana giza lake, na wahenga, ambao hawakuwa na maabara, walishasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Sasa wewe chukua kile kifuu, kimimine ziwani pamoja na chungu wake, halafu umwambie ashukuru. Nyumba yangu ndiyo kifuu hicho, Ndugu Meneja. Madhara ni haya yafuatayo:

1. Mshubiri wa mke wangu. Mmea huu unaishi mlangoni kwetu ndani ya karai bovu. Majani yake ni manene kwa kuwa ndimo unamoweka akiba ya maji, na katika enzi ya mgao hakuna aliyewahi kuupa hata tone. Ulinawiri. Mtaa mzima, mtu akiungua jikoni, alikuja kwetu kuomba jani. Sasa kwa furaha ya bomba, mke wangu anaumwagilia asubuhi, binti yetu anaumwagilia akitoka shule, na mgeni wetu (nitamfikia) anaumwagilia maji aliyosukutulia kinywa. Juzi niliushika ili nigeuze karai, ukang'oka wote bila ubishi, mizizi imeoza. Mmea uliostahimili kiu miaka yote umeuawa na ukarimu wa mwezi mmoja.

2. Mkaguzi. Huyu ni samaki, mdogo kama kidole, niliyemweka mwenyewe katika pipa la maji ya kufulia ili ale viluwiluwi vya mbu. Alikuwa anazunguka pipa tangu juu hadi chini, asubuhi na jioni, haachi kona, ndiyo sababu ya jina. Kwa taarifa yako, maji ya mgao yalikuwa yanalala pipani siku tatu, dawa yenu inapungua, harufu inakwisha, Mkaguzi anaishi kwa raha zake. Siku hizi mke wangu anasema maji yaliyolala ya nini wakati mabichi yapo. Alimimina yote uani, akajaza pipa moja kwa moja kutoka bombani, na Mkaguzi akaelea tumbo juu. Nilimwahi. Kwa sasa anaishi ndani ya jagi juu ya kabati la vyombo, hana viluwiluwi, hana kona za kukagua, ananiangalia tu kupitia kwenye kioo kila nikinywa chai.

3. Vyura. Kwa haki, hawa nakiri wamefaidika. Pale kona, bomba lenu jipya limeunganishwa na la zamani kwa namna ambayo mimi si fundi wa kuisema, na pamekuwa na dimbwi. Vyura wamehamia na familia zao. Nakutahadharisha tu: siku mtakayoziba hapo, mjue kuna viumbe wameshajenga maisha yao juu ya uzembe huo, na mimi ndiye nitakayewaandikia barua.

4. Malezi. Katika nyumba yetu maji yalikuwa na utumishi wa muda mrefu. Yaliajiriwa kuosha mchele, yakapandishwa cheo kuosha vyombo, yakahamishiwa kupiga deki, yakastaafu chooni kwa heshima. Sasa yanafukuzwa kazi siku ya kwanza. Binti yetu, ambaye mgao ulimkuta hajaota meno, alikuwa anaoga kwa kopo moja na kubakiza ya kunawa miguu. Leo anasimama chini ya bomba la mvua anaimba wimbo mzima, kiitikio anakirudia, na nikigonga mlango ananijibu kwamba baba, si yapo! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nilimlea kwa kopo, ninyi mnamlea kwa bomba la mvua. Kesho ataolewa mtaa wenye mgao, atarudi kwangu kulia.

5. Ndoa yangu. Hili nalitaja kwa aibu, ila afisa kama wewe huficha siri za wateja. Mimi na mke wangu tulikuwa tunagombana kwa mgao, kama tulivyofanya kila kitu. Ugomvi unaanza, unapamba moto, mara bomba linakohoa, basi tunaacha maneno hapo hapo tunakimbilia beseni kubwa, yeye kashika upande huu, mimi upande ule. Na huwezi kumnunia mtu aliyeshika upande wa pili wa beseni lako. Mkinuna tu, maji yanamwagika. Mpaka mapipa yajae tumeshasahau nani alikosa. Sasa hakuna wa kutukatiza. Juma lililopita tulianzia chumvi kwenye mboga, tukapitia harusi ya dada yangu, tukafika mpaka kwenye barua za uchumba, tukaishiwa maneno, tukayarudia yale ya mwanzo. Ameanza kuniita "Mwalimu," na mke akimwita mumewe kwa cheo chake cha kazini, mambo si mazuri.

6. Udhuru. Kwa miaka yote, "nilikuwa nakinga maji" ulikuwa udhuru usiohojiwa mahali popote. Uliwaponya waliochelewa kazini, waliosahau kikao, na walioshindwa kusahihisha madaftari. Mwalimu mkuu wetu, mama asiye na mchezo, alikuwa anausikia anatikisa kichwa kwa huruma, kwani naye asubuhi hiyo alikuwa anakinga. Uongo nao ni kiumbe, Ndugu Meneja, una makazi yake, ukiyaharibu, unakufa. Wiki mbili zilizopita nilijaribu kuutumia kwa mazoea, akanitazama juu ya miwani akaniuliza nakinga maji au nakinga uvivu. Tangu hapo nafika kazini mapema, hali ambayo mwili wangu haukuumbiwa.

7. Mjomba wa mke wangu. Katika somo langu kuna sura inayohusu viumbe vamizi. Hivi ni viumbe ambavyo havikuwepo mahali fulani kwa sababu mazingira yalivikataa. Mazingira yakilegea, vinaingia, vinazaana, wenyeji wanakosa nafasi. Mjomba hajazaana, namshukuru Mungu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa mjini hatuna majembe, ila tulikuwa na ndoo. Mgeni yeyote siku ya tatu tulimpa ndoo mkononi, tukamwonyesha njia ya kisimani, na siku ya nne alikumbuka shughuli nyumbani kwake. Hii ndiyo iliyomweka Mjomba mbali nasi miaka yote, akitusalimia kwa simu tu na kutupa pole. Habari za bomba zilipomfikia, akafika na sanduku. Anaoga mara tatu kwa siku. Akitoka bafuni anakaa kwenye kiti changu, anajipepea, anasema, "Wanangu, mnaishi pazuri sana hapa." Wiki ya tatu hii. Nimempa ndoo. Ameigeuza, anaweka miguu juu yake.

8. Fundi Nusumita. Ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukutani, na jina hilo amepewa kwa sababu kila kitambaa unachompelekea, yeye husema kimepungua nusu mita. Kabla ya mgao hatukuwa tunasalimiana, kisa suruali, sitaki kurefusha. Mgao ulipokuja, ikawa bomba lake linaanza kutoa maji kabla ya langu, na langu linachelewa kukatika. Ikabidi turushiane mpira wa maji juu ya ukuta, leo wa kwake uje kwangu, kesho wangu uende kwake. Mtu akikurushia mpira lazima umwite, ukimwita lazima umwulize habari, ukiuliza habari utajua mkewe anaumwa, utapeleka uji. Tukawa ndugu hivyo, kwa kulazimishwa. Sasa kila mtu ana lake. Mpira nimeuviringisha, umetundikwa msumarini. Jana nilimwona anapita, akaninyooshea kidole gumba kwa mbali, kama watu wanavyosalimiana na dereva wa gari wasilolipanda.

9. Mama. Hapa, Ndugu Meneja, kama ulikuwa umekaa vibaya, naomba ukae vizuri. Yale ya juu ni ya nyumba. Hili ni la mama yangu mzazi, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Mama anakaa nasi, chumba cha mbele, kile ambacho bomba limepita ukutani kwake. Katika enzi ya mgao nyumba ilikuwa yake. Mapipa matatu, la kunywa, la kupikia na la kufulia, yalikuwa chini ya ulinzi wake, na kiti chake kilikaa katikati. Hakuna aliyechota bila kusema ya nini. Ukisema ya kunawa, alikuuliza mikono mingapi. Na masikio yake, sijui niseme nini! Bomba lilikuwa linaanza kwa kikohozi chembamba, halafu upepo, halafu maji ya kutu, ndipo meupe. Kile kikohozi cha kwanza sisi wengine hatukukisikia kamwe. Yeye alikisikia hata tukiwa tunakula na redio inaimba. Alinyanyua kidole, nyumba nzima ikanyamaza, kisha akapaza sauti, "Linakohoa!" Mtaa mzima ukaamka. Nusumita aliacha suruali ya mtu kwenye sindano. Watu walitoka na ndoo wakimshukuru yeye, hawakuwa wanawashukuru ninyi. Usiudhike nikikwambia kwamba mtaani kwetu Meneja ni yeye. Jina hilo ndilo wanalomwita mpaka leo.

Sasa analala. Anakunywa chai ya asubuhi, anakaa kwenye kiti chake kati ya mapipa matupu, analala. Tunamwita chakula cha mchana, anakula kidogo, anarudi, analala. Hanyanyui kidole. Haulizi ya nini. Juzi binti yetu alimwaga ndoo nzima uani, mbele yake kabisa, kusudi amchokoze bibi yake, zamani angeishi na kesi hiyo mwezi mzima. Mama alifungua jicho moja, akaliangalia lile dimbwi, akalifumba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona yote.

Naijua hali hii kwa sababu naifundisha. Mnyama akiondolewa katika mazingira aliyoyazoea, hapigi kelele. Anapunguza kula, anakuwa mpole, anatafuta pa kulala, na watu wasiojua wanasema ametulia. Naogopa, Ndugu Meneja. Baba alishatangulia, ndugu zangu wako mbali, mama ninaye mmoja. Naogopa kwamba mmetufungulia maji mkamfungia yeye maisha. Nikitoka kazini siku hizi, kabla sijavua viatu, naenda kwanza kwenye kile kiti kuangalia kama kifua kinapanda na kushuka.

Kwa sababu hizo zote, na hasa ya mwisho, naomba kwa unyenyekevu:

(a) Mturudishie mgao wetu wa Jumatano na Jumamosi kama ulivyokuwa, pamoja na kutu yake.

(b) Ikishindikana kwa mtaa mzima, mkate nyumbani kwangu peke yake. Nitasaini popote.

(c) Ikishindikana hata hiyo, mniletee fundi mmoja mwenye roho nzuri, siku hizo mbili akae upande wa nyuma ya ukuta wa chumba cha Mama, atie upepo bombani likohoe kidogo. Maji yasitoke kwa dakika chache tu, kisha yatoke. Yeye hatajua. Sisi wengine tutakimbia na ndoo, nimeshaongea na Nusumita, yuko tayari.

(d) Kwa lolote mtakaloamua, mtuombe radhi kwa usumbufu.

Nisalimie wasaidizi wako wote, mafundi wa mabomba, wasoma mita, yule dada wa mapokezi mwenye sauti ya upole ambaye kila tukipiga simu alituambia tatizo linashughulikiwa (mwambie tumemkosa sana), na dereva wa lile gari la maji, kama bado ana kazi. Mke wangu anakusalimu, hajui naandika nini. Mjomba naye anakusalimu. Anajua ninachoandika na anakuomba usinisikilize.

Ni mimi, mteja wako niliyelowa,

Mwalimu wa Baiolojia

Tanbihi: Ndugu Meneja, nilikuwa nimeshailamba bahasha nikaona si adabu kumsema mama wa mtu, hata akiwa wangu, bila yeye kujua. Nikaifungua, nikakaa chini karibu na kiti chake, nikamsomea barua yote tangu mwanzo. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye la Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kwenye namba tisa akafungua macho, akaniuliza nani kaniambia yeye anaumwa. Nikamweleza habari za kiumbe na mazingira yake, nikamtolea mfano wa ngamia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi si ngamia."

Kisha akasema, nami naandika alivyosema: "Ninalala kwa sababu nina usingizi. Tangu ule mgao uanze mimi sijalala, nilikuwa nafumba macho tu, masikio yako bombani. Mlikuwa mnaniita Meneja, mnacheka, nami nacheka nanyi. Kumbe moyoni naogopa, siku likikohoa nikapitiwa, huyu mtoto wako atakunywa nini." Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akanijibu, "Kwani ningesema, yangekuja?"

Basi malalamiko yangu nayafuta yote, isipokuwa la saba, na hilo nitapambana nalo mwenyewe. Barua nilitaka kuichana, Mama amekataa, amesema niitume hivyo hivyo ila niongeze neno lake moja: msikate. Nimeliandika. Nilipogeuka kumuuliza kama kuna lingine la kuongeza, alikuwa ameshalala.